Miaka Yangu ya Kukopa Watu

Walisema sitaweza. Mjomba Petro wa Vihingo, mtu wa mananasi, alisema mwenye uso kama wangu anafaa kuuza majeneza. Mchungaji wetu wa wakati ule alisema Pasaka haitafika kabla sijarudi kuosha masufuria ya hoteli. Mwanamke niliyetaka kumwoa pale Kongowe alinishika mkono kwa huruma, akasema, “Kaka, mimi nakupenda, lakini hujawahi kunichekesha hata kwa bahati mbaya.” Ninawataja hawa kwa sababu wote, isipokuwa mjomba ambaye Mungu alimwahi, baadaye walinipigia simu niwashereheshee watu wao. Huyo mwanamke nilisherehesha harusi yake mwenyewe. Alicheka mpaka wanja ukamwagika. Bwana harusi hakucheka, lakini yeye sikuwa nimemlenga.

Sasa nimetundika daluga, kama wasemavyo wachezaji, na vijana wa kikundi cha vichekesho cha Maili Moja wameniomba niwaandikie nilivyoifanya kazi. Sitaandika habari za malipo wala tuzo. Tuzo zipo juu ya kabati na malipo yalishaliwa. Nitaandika yale ambayo simu zenu hazitawafundisha, hata mkitengeneza klipu usiku na mchana. Mkiona najisifu, mjue kweli najisifu. Nyumba iliyojengwa na mafundi husifiwa kwa ajili ya mafundi. Mimi nilijijenga mwenyewe, nimsubiri nani?

Nilikwenda Durban nikiwa kijana, na begi moja na anwani ya mtu ambaye alikuwa ameshahama. Nikaosha masufuria mchana, nikasoma jioni, na baada ya miaka nikatoka na stashahada ya uhusiano wa umma. Chumbani tulikuwa Watanzania sita, na burudani yetu ilikuwa mimi kumwiga mwenye nyumba anavyohesabu funguo zake. Siku moja alifungua mlango katikati ya onyesho. Akasimama, akatazama mpaka mwisho, kisha akaniomba nirudie pale kwenye funguo. Usiku ule nilijua kwamba nina kipaji. Wengine huchukua miaka kukubali jambo hilo. Mimi nilichukua dakika moja, na nusu yake nilikuwa natafuta viatu.

Niliporudi nyumbani, dada yangu Foibe alinipokea Kisarawe. Foibe ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na kwa wasiomjua niseme kwamba pale kilimani hakuna kamati iliyoendeshwa bila yeye: ya kwaya, ya kisima, ya misiba, ya jiko la usharika. Nilikaa kwake wiki chache, nikapanga chumba Kibaha, kwa kuwa Kibaha ndiko kwenye ofisi, na penye ofisi hapakosi semina, na penye semina watu huhitaji kuamshwa.

Jina la Bwana Stashahada nilipewa na vijana wa stendi ya Mlandizi kwa kunikejeli, maana kila sentensi nilianza na “sisi wenye stashahada.” Nililichukua nikalipiga rangi kwenye bango. Ukitupiwa tofali, lijengee.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa sendofu hapo hapo Mlandizi. Nilivaa suti ya Durban na viatu vya Durban, nikapanda na vichekesho vya Durban. Cha kwanza kilihusu mbwa wa tajiri mmoja aliyekuwa na daktari wake na kitanda chake hospitalini, wakati mimi nilipougua nililala jikoni. Kule watu walikuwa wakianguka kwenye viti. Mlandizi palikuwa kimya hata nikasikia jenereta likibadilisha pumzi. Mzee mmoja meza ya mbele akanyoosha mkono.

“Samahani, mwanangu. Huyo mbwa alipona?”

Nikamwambia sijui.

“Ungeuliza,” akasema kwa masikitiko, na meza nzima ikaanza kumhurumia mbwa.

Nilipoteremka, mama mtu mzima aliyekaa karibu na sufuria za pilau aliniita kwa kidole. Huyu ndiye Bibi Nyamizi, ambaye bila yeye mimi ningekuwa nauza majeneza. Alikuwa Mnyamwezi; wazazi wake walihamia Vihingo kulima kabla hajazaliwa. Mnajua kwamba Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya mizigo, na kwamba mtani ana ruhusa ambayo hata mke hana.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mtani. Leo umemchekesha nani?”

“Hadhira haikuwa tayari.”

“Hadhira ilikuwa tayari. Pilau ndiyo haikuwa tayari, na wewe ukatuletea mbwa mgonjwa.” Akanitazama viatu. “Nyie Wazaramo mkisikia ngoma mnatupa jembe. Wewe umetupa jembe hata ngoma hujaisikia.”

“Nanyi mlibeba mizigo mpaka shingo zikaingia mabegani,” nikamjibu.

Akacheka kwa mara ya kwanza jioni ile. “Hapo sasa. Kumbe kinywa unacho. Alhamisi njoo Vihingo, kuna msiba wa Mzaramo mwenzako. Mimi naenda kazini.”

Nilikwenda nikidhani anatania. Marehemu alikuwa mkulima wa mihogo aliyejulikana kata nzima kwa ubahili. Watu walikuwa wamekaa mikekani wameinamisha vichwa, na mjane alikuwa amelala tangu jana yake bila kutia kitu kinywani. Bibi Nyamizi akaingia uani amevaa koti la marehemu na kofia ya marehemu, ameshika fimbo yake. Hakumsalimia mtu. Akaenda moja kwa moja kwenye sufuria la chai, akachota, akaonja, kisha akafoka kwa sauti ya marehemu kabisa, na puani kidogo:

“Nani kaweka sukari yote hii? Nimekufa, sikufilisika!”

Mikeka ikatikisika. Akamgeukia shemeji wa marehemu. “Na wewe, hiyo shuka unayofutia machozi ni yangu. Lilia pembeni.” Akaenda kwenye rundo la kuni, akaanza kurudisha kuni chache ndani ya stoo, akinung'unika kwamba maharage hayana haraka. Nikamtazama mjane. Mabega yalikuwa yanatikisika, nikadhani kilio kimezidi. Kumbe anacheka. Baada ya muda akakaa, akafunga kanga vizuri, akaomba uji.

Vijana, hicho ndicho chuo changu cha pili, na pale hawatoi cheti. Nilimfuata Bibi Nyamizi kwenye misiba ya Vihingo na vitongoji vyake kwa muda mrefu, nikibeba mkoba wake. Alinifundisha kwamba ukiingia mahali, tafuta kwanza aliye na uchungu kuliko wote umfanyie kazi huyo; wengine watacheka kwa kumtazama yeye. Alinifundisha kuiga kitu kimoja tu cha mtu, si vitu kumi, maana ukiiga kumi watu wanaona ufundi wako na hawamwoni marehemu. Alinikataza kucheka kabla ya watu. Na mimi kwa akili zangu nikaongeza ya kwangu: usishindane na pilau, ikishapakuliwa kaa chini, uliza mafuta ya jenereta kabla hujauliza jina la bibi harusi, funga kitambaa kwenye kipaza sauti, kwa sababu kabla yako kilikuwa kwa mchungaji, na mchungaji naye ni binadamu mwenye mate.

Jambo moja alilirudia mara nyingi. “Mtani akichukua, naye huchukuliwa,” alisema. “Nilipofiwa na mume wangu, Wazaramo walikuja wakalala kitandani kwangu na viatu vyao, wakaniiga ninavyokoroma. Ndiyo maana niko hai.” Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Wenye stashahada tuna ustadi mkubwa wa kuitikia kwa kichwa.

Kutoka hapo nikatengeneza njia yangu ya kazi, na nadai kuwa mimi ni wa kwanza katika mkoa wetu, mpaka atokee wa kubisha. Niliiita kukopa watu. Mchekeshaji hana mali yake. Anapita sokoni, kanisani, stendi, akamwona mtu, akakopa kitu kimoja, akakipeleka jukwaani. Mlandizi nilimkopa Gaitani, fundi baiskeli, ambaye kicheko chake kilikuwa kama pikipiki inayokataa kuwaka asubuhi: kinakohoa mara nne, kinazima, halafu ghafla kinaunguruma na kuondoka. Kisarawe nilimkopa Mwalimu Lameki, aliyekuwa hawezi kusema jambo bila kuligeuza swali na kuwaachia watu walimalizie. “Kisarawe ina nini? Ina vili...?” “Vilimaaa!” Hata akiagiza soda aliagiza hivyo.

Na nilimkopa dada yangu Foibe. Foibe alipokuwa akisimama kuwaonya watu, alipandisha kanga begani, akafumba jicho moja, akasema, “Sisemi mtu, lakini,” kisha akawataja wote kwa majina, na majina ya baba zao. Kutokana naye nikamuumba Mama Sisemi Mtu, na huyo mama ndiye aliyenijengea jina kutoka Kisarawe mpaka Mlandizi. Nilikuwa nikipandisha kanga tu, ukumbi unalipuka.

Wakati huo Kibaha nilikuwa naitwa kila wiki. Nitasimulia shughuli moja, kwa kuwa vijana mnalalamika sana kwamba mnawekewa mipaka. Ilikuwa uzinduzi wa jambo fulani la maendeleo, ambalo hata siku ile sikuelewa ni lipi. Mgeni rasmi alitarajiwa asubuhi, na ilipofika adhuhuri alikuwa bado anatarajiwa. Ofisa msimamizi akanivuta pembeni.

“Bwana Stashahada, panda uwachangamshe. Lakini usiguse maji.”

“Sawa, mkuu.”

“Wala barabara.”

“Sawa.”

“Wala mbolea, wala watendaji, wala wageni waliochelewa.”

“Sasa nichekeshe nini, mkuu?”

Akafikiri kidogo. “Maendeleo.”

Nikapanda. Mbele palikuwa na kiti cha mgeni rasmi, kochi kubwa limefunikwa kitambaa cheupe, na chupa ya maji mezani. Sikusema neno. Nilikwenda mbele ya kochi nikainama. Nikalifukuzia nzi. Nikalifunulia mwavuli. Nikafungua chupa, nikaliuliza kwa macho kama maji yana ubaridi wa kutosha. Kisha nikaanza kulitambulisha kwa viongozi waliokaa pembeni. “Mheshimiwa, huyu ni mwenyekiti wa kamati ya maandalizi.” Na mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, kwa mazoea ya miaka mingi, alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaliinamia kochi.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Ofisa alilia machozi, na baadaye akaandika kwenye taarifa yake kwamba palikuwa na burudani iliyozingatia maendeleo. Hivyo msilalamike kuhusu mipaka. Mipaka ni ukuta, na ukuta una faida moja: unaweza kuuegemea.

Basi, nikiwa kileleni hapo, nikaanza kuona mambo ya ajabu. Nikiingia kwa kinyozi, mazungumzo yanakatika kama umeme. Nikipita sokoni Kisarawe, watu wananyoosha mgongo kana kwamba wanapigwa picha ya pasipoti. Gaitani akawa anacheka kwa kufunika mdomo na kitambaa cha grisi. Mwalimu Lameki alinikuta njiani akanisalimia, akaniuliza habari, akaaga, bila kuniachia neno hata moja nimalizie. Mwanzoni niliona ni heshima. Nikajieleza kwamba msomi akipita, watu hujiweka sawa. Lakini mchekeshaji anayeishi na watu waliojiweka sawa ni sawa na mvuvi anayeogelea kwenye ndoo. Sikuwa na cha kukopa tena. Nikaanza kurudia ya zamani.

Foibe ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Jumapili moja, wakati wa matangazo kanisani, alisimama kuwasema waliokwepa kuchimba mtaro wa kisima. Akapandisha kanga, akafumba jicho, akasema, “Sisemi mtu, lakini,” na benchi la vijana likapasuka. Wazee wakajizuia, kisha nao wakapasuka. Hakuwa amefika hata kwenye jina la kwanza. Akasimama pale kidogo na mdomo wazi, akateremsha kanga, akakaa. Hakusimama tena. Kamati ya kisima ikakutana bila sauti, kisha ikaacha kukutana, na wanawake wakarudi kuteka maji bondeni. Mzee wa kanisa alikuja mpaka Kibaha kuniambia, akikataa hata kuketi: “Dada yako umemmaliza sauti. Sasa nani atatukemea?”

Nikaenda kwake. Alinipokea vizuri kupita kiasi. Alikaa wima, mikono magotini, akanisemesha kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

“Karibu sana. Chai ipo tayari. Hali ya hewa ya hapa imekuwa ya mawingu.”

“Dada, ni mimi.”

“Ninafahamu. Safari yako ilikuwaje?”

Mtu aliyewahi kunifukuza na mwiko kuzunguka nyumba, akiniita majina ya wanyama wa mbuga tatu, sasa ananiuliza safari ilikuwaje. Nilikunywa chai ile, na sukari ilikuwa imepimwa sawasawa. Kila ziara ikawa hivyo, mwaka baada ya mwaka. Aliogopa kwamba lolote litakalomtoka nitaondoka nalo.

Bibi Nyamizi akafariki. Kwa kuwa mimi ni mtani wake, ilikuwa haki yangu kufanya kazi kwenye msiba wake, na niliifanya kuliko nilivyowahi kuifanya popote. Nilivaa kanga yake, nikabeba mkoba wake, nikapita kukagua waombolezaji: “Huyu analia kwa pua tu. Mwondoeni, aje mwenye machozi.” Kulwa, binti yake mkubwa, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha, kama ilivyo desturi, Kulwa akasimama kunichukua mimi. Akavaa koti langu. Akatembea kwa kurusha kifua, akinyanyua miguu kama ardhi ya Vihingo haistahili viatu vyake, akasema, “Sisi wenye stashahada hatulii. Tunatoa machozi kwa utaratibu.”

Uani pote pakaanguka. Na mimi, mwenye kazi hiyo, niliyefundishwa na marehemu mwenyewe, nilichukua koti langu nikaondoka msibani.

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Kulwa: “Jamani! Mtani kanuna! Mtani kanuna!” Kwa wasiojua: mtani kununa ni aibu isiyo na jina. Ni kama kipa kuukimbia mpira. Watu wangu wakatozwa kuku kwa ajili yangu, na kuku akaliwa bila mimi.

Kulwa alinifuata mpaka barabarani, bado anahema kwa kicheko.

“Mtani, sikiliza. Mama alikusema kabla hajaondoka. Alisema mimi na wewe tunachukuliana, hatudaiani. Lakini umekwenda kuchukua kwa watu wasio watani wako. Fundi baiskeli si mtani wako. Dada yako wa tumbo moja si mtani wako. Hawana ruhusa ya kukuchukua, basi kila ulichochukua kwao ni deni. Na wewe mwenyewe ukichukuliwa kidogo tu, unavaa koti.”

Foibe alikuwa amekuja msibani nami. Tulirudi pamoja, na njiani nikamuuliza, “Dada, kwani nimekosea?”

Akatazama mbele. “Hali ya barabara si mbaya,” akasema.

Niliendelea na kazi miaka kadhaa baada ya hapo. Nataka ieleweke kwamba sikuwa mwoga. Nilikuwa na shughuli nyingi, na heshima ya mtu mwenye bango si ya kuchezea. Lakini nilipoamua kustaafu, watu wa Kibaha walitaka waniage ukumbini kwao, na mgeni rasmi na keki. Nikakataa. Nikasema nitaagia Kisarawe, mchana, na kwamba siku hiyo sitachekesha. Nitakaa kwenye kiti, sitakuwa na kipaza sauti, na kila niliyemkopa atakuja anichukue mbele za watu, na mimi nisijibu neno wala nisiguse koti langu.

Nikawafuata mmoja mmoja. Gaitani aliacha kujaza upepo.

“Nikuige wewe? Mbele za watu?”

“Ndiyo.”

“Na hujibu?”

“Sijibu.”

Akaita mke wake aje asikie. Mwalimu Lameki alisema atafikiria, na nilipofika getini nikasikia tayari anafanya mazoezi. Foibe alinisikiliza wima, mikono magotini. “Asante kwa mwaliko,” akasema. “Nimeupokea.”

Siku ilipofika, ukumbi ulijaa. Viti vya usharika havikutosha, watu wakakaa madirishani. Niliketi mbele peke yangu, na nawaambia kama mtaalamu: kiti kile ni kirefu. Miguu haifiki chini.

Gaitani alianza. Aliiga ninavyoingia kwenye kibanda chake: natoa kitambaa, nafuta kigoda, nakitazama, nakifuta tena, kisha nakaa kwenye kigoda kingine. Kwa upande wa ufundi alikosea kidogo, mimi hufuta mara moja tu, lakini sikuruhusiwa kusema. Na alipomaliza alicheka chake, kile cha pikipiki, bila kitambaa mdomoni. Akafuata Mwalimu Lameki. “Elimu ni ufu...?” “Ufunguoo!” “Na huyu ufunguo wake kaufungulia nini?” Akanielekezea kidole. “Kautu...?” “Kautundikaaa!” Madirisha yakatetemeka. Kulwa, aliyekuja kutoka Vihingo kwa raha zake, aliigiza nilivyoondoka msibani, pamoja na sehemu ambayo siku zote nimeiruka katika simulizi zangu: jinsi nilivyorudi baada ya dakika tano, bado nimenuna, kuuliza kama kuna aliyeuona mwavuli wangu.

Walikuja wengi. Masikio yangu yaliwaka. Walitokea hata niliokuwa nimesahau kwamba niliwakopa: mpiga kinanda, muuza dagaa, mama wa mgahawa aliyeonyesha ninavyouliza chapati imepikwa na nani. Kila mmoja alirudi kwenye nafasi yake akiwa ameachia mabega.

Foibe alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na mlango, na wanawake wa kwaya. Walipokwisha wote, watu wakageuka kumtazama. Hakusogea. Sikuruhusiwa kumwita. Nilimtazama, naye alikuwa anatazama ukuta, wima. Watu wakaanza kukohoa. Dijei, ambaye hana subira hata msibani, akafungulia muziki wa kuaga.

“Zima hiyo,” akasema Foibe.

Akaja mbele taratibu. Akavuta meza, akaomba sahani tupu na uma, akaketi. Akajinyoosha shingo. Akajifanya anakata ugali kwa uma, kidogo sana, akaupeleka mdomoni huku anazungusha macho kuona kama majirani wanaona. Tonge la pili hivyo hivyo. Kisha akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akahakikisha hakuna anayemtazama, akautupa uma na kuingiza mkono mzima, akala kama mtu aliyetoka kuchimba kisima. Akasikia mlango, akaokota uma haraka, akajifuta kidevu.

Sijui ni muda gani watu walicheka. Najua kwamba hata mimi nilicheka, na nilikuwa nacheka huku nikitamani sakafu ifunguke, maana ni kweli, nimekula hivyo kwake tangu niliporudi kutoka Durban, nikiamini hajawahi kuona.

Yeye hakucheka. Alingoja. Kelele zilipotulia akasimama, akapandisha kanga begani, akafumba jicho moja.

“Sisemi mtu,” akasema, “lakini.”

Hakuna aliyecheka. Hata benchi la vijana.

“Lakini Lameki, mwana wa Yeremia, tangu mtaro uanze jembe lako halijaliona jua. Na wewe, mpiga kinanda, mwana wa Samweli, mgongo unauma siku ya kuchimba tu, siku ya sherehe unaweza kuucheza mpaka chini. Nawe mama wa chapati, na wanao wawili hao madirishani, nawaona. Jumamosi asubuhi kisimani. Mtu asiniletee udhuru, udhuru niletewe na daktari.”

“Ndiyo, mama,” ukumbi ukajibu.

Akaendelea kwa majina kumi zaidi, na majina ya baba zao. Watu walikaa wima, safari hii kwa sababu inayofaa. Alipomaliza, wakaanza kutoka wakinong'ona nani ana sururu. Mimi nikabaki kwenye kiti changu kirefu, nikingoja mtu aje aniage, anipe maua, aseme neno lolote kuhusu miaka yangu ya utumishi.

Foibe akageuka.

“Na wewe umekaa hapo kama kinyago cha mnadani unangoja nini? Hivi viti vitajirudisha kanisani kwa miguu yao? Simama, nyumbu mkubwa wewe!”

Nikasimama. Nikabeba viti viwili viwili, na kila nilipopita mbele yake alinifokea upya.